Kompyuta Kuukuu Ipeleke Sebuleni

Juu ya kabati la nguo nyumbani kwa mama, Muheza, kulikuwa na kompyuta mpakato iliyofunikwa kwa kipande cha kanga. Kioo chake kilipasuka mwaka 2019 baada ya mtoto kuikalia, na fundi alipotaja bei ya kioo kipya tukaona heri tuiache. Pembeni yake, ndani ya boksi la viatu, kulikuwa na mikanda mitatu ya video: harusi ya wazazi wangu ya mwaka 1993, maulidi moja ya mtaani, na shughuli ya kumtoa mwali. Deki ilikuwa imekufa siku nyingi. Kwa hiyo tulikuwa na mashine nzima isiyo na kazi, na pembeni yake picha ambazo hakuna mtu nyumbani aliyeweza kuzitazama.

Leo kompyuta ileile imekaa nyuma ya TV sebuleni. Mama anaiwasha mwenyewe. Naandika makala haya kwa sababu najua kabati kama lile lipo katika nyumba nyingi, na kwa sababu kazi yenyewe haihitaji fundi wala fedha nyingi. Inahitaji Jumamosi mbili na uvumilivu.

Wakati wenyewe pia umefika. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hivi. Maofisi yanaziondoa kwa mafungu, zinaishia kwenye maduka ya mitumba au stoo. Mashine inayokataliwa na Windows 11 siyo mbovu. Kuonyesha filamu kwenye TV ni kazi ndogo kwake, ili mradi usiipe na kazi nyingine kumi. Hilo ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote: mashine ya zamani ipe kazi moja. Isiwe ya kuchapia barua za shule, isiwe ya michezo ya watoto, isiwe ya kuchajia simu za wageni. Ikishakuwa ya sebuleni, iwe ya sebuleni.

Anza kwa kutafuta jina la prosesa yake. Kwenye kompyuta nyingi zenye prosesa ya Intel utakuta jina kama i5-2520M au i5-7200U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: 2520 ni kizazi cha pili, 7200 ni cha saba. Zikiwa tarakimu tano, soma mbili za mwanzo: 10210 ni kizazi cha kumi. Usilidharau jambo hili, kwa maana ndilo linaloamua video gani itacheza laini na ipi itakwamakwama. Video husindikwa kwa mtindo fulani ili zisiwe kubwa mno. Mtindo ulioenea zaidi ni H.264, wa mwaka 2003, na prosesa za kizazi cha pili, yaani za mwaka 2011, zinaufungua bila jasho hata kwa picha ya HD kamili. Mtindo wa HEVC, wa mwaka 2013, ndio unaozitesa mashine za zamani. Sakiti ya kuufungua vizuri, ikiwemo aina yake ya biti 10, ilikamilika kwenye kizazi cha saba. Chini ya hapo mara nyingi prosesa inalazimika kupiga hesabu yenyewe, feni inavuma kama ya mashine ya kusaga, na midomo ya waigizaji inaachana na sauti. Ukiliona hilo usikimbilie kununua RAM. Tafuta nakala ya H.264 ya video hiyo, basi. Na kama simu yako inarekodi kwa HEVC, ingia kwenye mipangilio ya kamera uirudishe H.264 kabla ya sherehe ijayo.

Kwa RAM, GB 4 zinatosha. Kama una fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD ndogo ya GB 120 au 240. Mashine itawaka haraka na haitapiga kelele usiku.

Kati ya kompyuta ya mezani na mpakato, mimi nachagua mpakato, hata yenye kioo kilichovunjika. Kwanza ni umeme. Mpakato ikicheza video inakula wati 20 hivi. Ukiitumia saa 4 kwa siku, mwezi mzima ni uniti 2.4 za Luku. Kompyuta ya mezani ya wati 70 kwa saa hizohizo inakula uniti 8.4. Pili, mpakato ina betri. Umeme ukikatika TV itazima, lakini kompyuta itaendelea, na diski yake haitakatizwa katikati ya kuandika. Hata betri iliyochoka, isiyomaliza dakika kumi, inakupa nafasi ya kuizima kwa utaratibu. Ila itazame kwanza: ikiwa imevimba, yaani kibodi imenyanyuka au kava la chini limetunisha tumbo, itoe usiitumie tena, wala usiitoboe wala kuitupa jalalani kwenye moto. Betri ya namna hiyo inaweza kuwaka.

Wapo wanaokata kioo kilichovunjika na kubaki na kipande cha chini peke yake, kikae vizuri nyuma ya TV. Inawezekana, lakini nyaya za antena za Wi-Fi hupita ndani ya fremu ya kioo. Ukikitoa, nyaya hizo zinabaki bila antena na mtandao unakuwa dhaifu au unapotea kabisa. Sisi tulikiacha kioo mahali pake, tukaifungua kompyuta nusu kama kitabu, kwa sababu mpakato nyingi pia hutoa joto kupitia kibodi.

Kabla ya kuunganisha chochote, isafishe. Nilipoondoa kava la chini la kompyuta yetu sikuona feni. Niliona tandiko la vumbi la kijivu, zito kama sufi ya mto, limeziba matundu ya bomba la kutolea joto. Nililing'oa kwa kibanio cha nyusi likatoka zima, na upande wake wa ndani kulikuwa na uzi wa kanga, mabawa ya kumbikumbi na mchanga wa barabara yetu. Mashine ilikuwa imeishi miaka yote imefungwa pua. Tumia brashi laini ya rangi. Shikilia feni kwa kidole unapoipulizia, isizunguke ovyo. Chini ya bomba la joto utakuta dawa nyeupe au ya kijivu iliyokauka juu ya prosesa: ifute kwa spiriti, upake mpya kiasi cha punje ya mchele. Kwa mafundi wa simu dawa hiyo haikosekani. Kama tarehe inarudi nyuma kila ukiiwasha, betri ndogo ya CR2032, ile bapa kama shilingi, imekwisha. Ibadilishe.

Kuunganisha na TV ni rahisi kama pande zote mbili zina tundu la HDMI: waya mmoja unabeba picha na sauti. Kwenye kompyuta ya mezani ya zamani huenda ukakuta VGA peke yake, lile tundu la buluu lenye vishimo 15. Hapo nataka nikuokolee nauli niliyoipoteza mimi nikimsaidia jirani. Niliomba dukani "adapta ya HDMI na VGA", nikapewa, nikarudi nayo nyumbani, picha haikutoka. Adapta hizi zina upande mmoja tu wa kwenda. Iliyo nyingi sokoni hutoa HDMI kwenda VGA. Sisi tulihitaji VGA kwenda HDMI. Ukifika dukani sema hivi: kompyuta ina VGA, TV ina HDMI, picha inatoka kwenye kompyuta. Na kumbuka VGA haibebi sauti, kwa hiyo chagua adapta yenye kiwaya kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la headphone.

Picha ikitokea lakini kingo zimekatwa, tatizo liko kwenye TV. Ingia kwenye mipangilio yake ya ukubwa wa picha, tafuta chaguo liitwalo Just Scan, Screen Fit au 1:1, majina yanatofautiana. Sauti isipotoka kabisa, nenda kwenye mipangilio ya sauti ya kompyuta uchague HDMI badala ya spika zake za ndani. Watu wengi hukata tamaa hapa na kudhani waya ni mbovu.

Ama sabufa, na najua sebule nyingi zinayo, usiichomeke kwenye kompyuta kama TV yako ina tundu la kutolea sauti. Ichomeke kwenye TV. Hivyo taarifa ya habari, king'amuzi na filamu vyote vitapita kwenye spika hizohizo, na mtu mzima hatalazimika kuhamisha pini gizani.

Sasa programu. Ninayoitumia ni Kodi, nayo ni ya bure. Ilianza mwaka 2002 kama kazi ya watu waliotaka kutazama video kwenye Xbox ya kwanza, mashine ya michezo yenye prosesa ya MHz 733 na RAM ya MB 64. Ilibadilishwa jina kuwa Kodi mwaka 2014. Imekua sana tangu hapo na inadai zaidi ya zamani, lakini ile tabia ya kutengenezewa sebule haijaitoka: maandishi makubwa yanayosomeka kutoka kwenye kochi, na kila kitu kinafikika kwa mishale minne na kitufe cha kukubali.

Kuna njia mbili za kuiweka. Ya kwanza ni LibreELEC, mfumo mdogo ambao kazi yake yote ni kuwasha Kodi. Unaupakua kwenye kompyuta nyingine, ni megabaiti mia chache, unauandika kwenye flashi kwa programu kama Rufus, kisha unaiwasha kompyuta kuukuu ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP nyingi, ili ichague flashi. Kama inagoma, ingia kwenye BIOS uzime Secure Boot. Ukiusakinisha, unafuta kila kitu kilichomo kwenye diski. Narudia: kila kitu. Kabla ya hapo chomoa picha za zamani, vyeti vilivyoskaniwa, hata zile barua za maombi ya kazi za kaka mkubwa. Zihamishe. Njia ya pili ni Linux Mint, ambayo ni mfumo kamili wenye kivinjari, halafu unaweka Kodi au VLC ndani yake. Mint inakuruhusu kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na ndiyo ninayoshauri kama nyumba ina intaneti ya kudumu na watu wanatazama sana YouTube. Kwa mama nilichagua LibreELEC. Bando ni la kubana, na mashine isiyo na mambo mengi haina mengi ya kuharibika.

Niseme wazi pia kisichofaa. Kama unachotaka ni Netflix na huduma za kulipia za namna hiyo tu, usijisumbue. Kisanduku kidogo cha Android chenye kibali cha huduma hizo kitakufaa zaidi. Na Kodi inakuja tupu, haina filamu hata moja. Wapo wanaouza vifaa vya Kodi "vilivyojazwa", vyenye viungo vya kuonyesha filamu na mechi za wizi. Usivinunue. Humjui aliyeviandika viungo hivyo wala anachochota kwenye mtandao wa nyumba yako, na msanii aliyekesha kuitengeneza filamu hapati senti.

Rimoti isikutishe. Unaweza kuanza na kibodi: mishale kutembea, Enter kukubali, Backspace kurudi, kitufe kirefu cha nafasi kusimamisha, S kuzima. Bora zaidi ni simu. Programu ya Kore, ya watengenezaji wa Kodi wenyewe, inaigeuza simu ya Android kuwa rimoti. Simu na kompyuta zinatakiwa kuwa kwenye Wi-Fi moja, lakini Wi-Fi hiyo haihitaji kuwa na bando. Rauta iliyokwisha kifurushi inatosha kabisa. Kwenye Kodi ingia Settings, Services, Control, uruhusu kuendeshwa kwa HTTP. Mama yeye hakuipenda simu, alisema akipigiwa katikati ya mchezo anapoteza pa kubonyeza. Tukamnunulia kibodi ndogo isiyo na waya, ya kiganjani. Nikabandika utepe mwekundu kwenye vitufe vitatu anavyovihitaji.

Hadi hapa una mashine. Kinachoifanya kuwa ya nyumba yenu ni mtakachokiweka ndani, na hapa ndipo nakuomba utumie muda wako mwingi.

DVD za harusi ndizo rahisi. Haziwi na kufuli. Kwenye kompyuta ya kawaida yenye mlango wa DVD, programu ya MakeMKV inaigeuza DVD kuwa faili la video bila kupunguza ubora, na kwa DVD haitozi chochote. Usichelewe. DVD za kuchomwa mtaani siyo kama zile za kiwandani. Zina rangi inayofifia kwa joto na mwanga. Harusi ya dada yangu tuliipata kwenye DVD mbili. Ya pili, yenye nasaha za wazee, leo haisomeki kwenye mashine yoyote. Tulikuwa tumeiweka kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la asubuhi.

Mikanda ya VHS ni kazi ya subira. Utahitaji deki inayofanya kazi, na kifaa kidogo cha USB chenye pini ya njano, nyekundu na nyeupe kinachonasa picha na kuiingiza kwenye kompyuta. Deki tuliazima kwa mzee mmoja wa mtaa wa pili, aliyeitunza ndani ya mfuko wake wa awali. Kabla ya kuchomeka mkanda uuchungulie kwenye kile kidirisha chake. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, hiyo ni kuvu: usiucheze, kwa sababu utachafua vichwa vya deki na kuambukiza mikanda mingine. Ukiwa msafi, upeleke mbele hadi mwisho kisha urudishe mwanzo mara moja, utepe ulegee, halafu ndipo uucheze. Mkanda wa saa tatu unanaswa kwa saa tatu kamili, hakuna njia ya mkato. Mimi nilirekodi kwa OBS Studio, nayo ya bure, kwenye kompyuta yangu ya kazini, nikiwa nimekaa hapohapo kusikiliza kama sauti inakatika.

Faili la harusi likatoka na ukubwa wa zaidi ya GB 5, na flashi ikakataa kulipokea ingawa ilikuwa na GB 32 tupu. Sababu ni kwamba flashi nyingi hufomatiwa kwa mtindo wa FAT32, usiopokea faili moja lenye kufika GB 4. Ifomati upya kwa exFAT, tatizo linaisha.

Ukishapata mafaili, yape majina ya kueleweka. Filamu za kawaida ziandike jina na mwaka kwenye mabano, kila moja kwenye folda yake, na Kodi ikipata intaneti mara moja itatafuta yenyewe picha ya kava na maelezo. Lakini harusi ya Muheza ya mwaka 1993 haimo kwenye orodha yoyote ya dunia, na filamu nyingi za Bongo hazimo vilevile. Hizo usiilazimishe Kodi izitafute, maana inaweza kuzibandikia kava la filamu ya Marekani yenye jina linalofanana. Zifungue kupitia orodha ya mafaili. Halafu fanya jambo hili dogo: weka ndani ya kila folda picha moja uiite folder.jpg. Kodi itaionyesha kama kava. Kwenye folda ya harusi nimeweka picha ya baba akiwa na kanzu na kofia yake ya kiua. Mama hasomi maandishi ya skrini bila miwani, ila ile kofia anaiona kutoka kwenye kochi.

Jambo la mwisho kwenye vifaa: usiiamini diski ya zamani na kitu usichoweza kukipata tena. Kompyuta ya miaka kumi ina diski ya miaka kumi. Filamu zinaweza kukaa humo. Mikanda ya nyumbani iwe na nakala mbili nje ya mashine, na moja ikae kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Yetu iko Morogoro kwa mdogo wangu, kwenye diski ya nje ndani ya kopo la biskuti, na kila Idi anaichomeka kuona kama bado inasoma.

Siku mtakayokaa kuitazama kwa mara ya kwanza, waite wazee na uwe na daftari na kalamu. Sisi tuliwaita shangazi wawili na mama mkubwa. Nilikaa na kibodi mkononi. Kila walipoanza kusema wote kwa pamoja nilibonyeza kitufe cha kusimamisha. Picha ikaganda kwenye mstari wa wanawake waliobeba sinia vichwani. Mama mkubwa akasogea hadi karibu na TV, akaanza kugusa nyuso kwa kidole, mmoja mmoja kutoka kushoto: jina, la baba yake, aliolewa wapi, alifariki lini. Nikaandika dakika na sekunde pembeni ya kila jina. Tulipofika kwa msichana wa nane, mwenye gauni la njano, akanyamaza, akamgeukia shangazi. Shangazi naye hakumtambua. Tumemwandika kwa alama ya kuuliza, dakika ya 41, na daftari liko juu ya kompyuta likimsubiri bibi mmoja wa Pangani aliyeahidi kuja baada ya mavuno.